Bibi Shamba na Waliomzika Mapema

Bibi Shamba hakuwahi kusahau nyumba iliyomnyima choo. Jina la mwenye nyumba angeweza kulisahau, hata mkutano wa wakulima aliouitisha mwenyewe angeweza kuusahau, lakini ukipanda nyuma ya pikipiki yake kutoka Rubwera kwenda Kibingo alikuonyesha kwa kidevu nyumba moja moja. "Pale walinikaribisha vizuri. Pale waliniambia kimejaa. Yule mama wa bati jekundu alikitia kufuli nikiwa nimesimama hapo hapo, akasema ufunguo ameondoka nao mumewe. Na mumewe alikuwa ameketi barazani ananitazama."

Nina duka la pembejeo hapa Rubwera, karibu na ofisi za wilaya. Nauza mbegu, mabomba ya kupulizia, dawa za kahawa na chanjo za kuku. Yeye alikuwa ofisa ugani, na kuanzia watoto wa shule mpaka mkubwa wake wa kazi, kila mtu alimwita Bibi Shamba. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye bonde la pili. Alivaa buti za mpira hata kanisani siku za mvua. Hakuwa na subira na mkulima mvivu, na kicheko chake kilikuwa cha ghafla, kama mtu aliyekohoa. Mimi aliniita Mama Pembejeo. Tulijuana miaka mingi, na katika miaka hiyo sikumsikia hata mara moja akisema amemsamehe mtu.

Ukimsalimu "Habari za siku nyingi?" hakusema nzuri wala salama. Alisema, "Bado nipo." Wageni walidhani ni utani. Sisi tuliojua tulijua anayeambiwa ni nani, hata kama hayupo.

Ugonjwa wake unaitwa vidonda vya utumbo mpana. Kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na vijidudu, inageuka na kuushambulia utumbo wa mwenyewe. Utumbo unavimba, unachubuka, unatoa damu. Mgonjwa anaharisha damu mara nyingi kwa siku, na tumbo likishika halimpi nafasi ya kumaliza sentensi. Sasa mfikirie mwanamke ambaye kazi yake ni kutembea migombani kutwa, akifundisha watu namna ya kukata machipukizi, mbele ya wanaume ishirini walioketi kwenye nyasi. Alikuwa anaaga katikati ya neno na kwenda. Wengine walicheka. Wengine waliacha kumkaribisha.

Miaka ya mwanzo hakuna aliyejua ni nini. Zahanati walisema amiba. Kwingine wakasema homa ya matumbo, kwingine bawasiri. Alimeza kila alichopewa, akapungua hadi mkanda wa suruali ukawa unamzunguka mara mbili. Na kwetu huku mtu akikonda kwa namna hiyo, majibu hayasubiri maabara. Wenye adabu walinong'ona kuwa ni ule ugonjwa mkubwa uliotumaliza zamani. Wasio na adabu walisema amelishwa kitu, au kwamba yeye ndiye aliyemlisha mumewe na sasa kimemrudia.

Mumewe alikuwa amekufa kwa ajali ya pikipiki kabla ya hayo yote, akamwachia watoto wawili na kibanja kizuri Kibingo, migomba iliyofunga kivuli na kahawa pembeni. Hapo ndipo anapoingia shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti hata jua likiwaka, mwenye sauti ya upole inayokufanya usogee ili umsikie. Shamba lake lilipakana na kibanja hicho. Sitasema alikuwa shetani. Alikuwa mtu aliyeona shamba zuri mikononi mwa mwanamke anayekufa, akaona hakuna haja ya kusubiri.

Hospitali moja ya huku kwetu ilimpa Bibi Shamba vidonge vikali vya kutuliza uvimbe, na kwa kweli damu ilipungua. Lakini vilimvimbisha uso ukawa duara kama sufuria. Shemeji akaitisha kikao cha ukoo. Bibi Shamba aliwekwa kwenye mkeka, amejifunika blanketi, na shemeji akasema mbele ya wote, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba dawa za hospitali zinamuua, kwamba ugonjwa wa mwanamke asiyeweza kujizuia ni aibu ya ukoo mzima na unatibiwa kienyeji, nyumbani, kimya kimya. Hakuna aliyebisha. Wakamnyang'anya vidonge, wakamleta mganga na chungu chake.

Vidonge vile havitakiwi kukatishwa ghafla. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Nilichojua wakati ule ni kwamba nilikwenda kumwona Kibingo mchana mmoja, nikakuta godoro limelowa damu na yeye macho yamezama. Nje kulikuwa na mlio wa panga: paa, kimya kidogo, paa.

"Mama Pembejeo," akaniita. "Nani anakata migomba yangu?"

Nikatoka nje kuangalia. Shemeji alikuwa na vijana wawili nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la marehemu ndugu yake. Walikuwa wameangusha migomba yenye mikungu michanga na walikuwa wanasawazisha ardhi.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Mnafanya nini?"

"Marahaba, mama. Tunaandaa nafasi. Mvua zikianza ardhi inakuwa nzito."

Nikarudi ndani. Nilitaka kumdanganya, nimwambie wanapogoa. Lakini dirisha lilikuwa wazi na yeye hakuwa kiziwi. Aliniangalia, akasema: "Nitoe hapa. Nisipotoka leo, huyu atapata anachotaka."

Nilipiga simu kwa mtu mwenye gari la mizigo anayeniletea mbolea. Tukamlaza juu ya magunia matupu. Shemeji alisimama njiani, akainua mkono, akauliza kwa idhini ya nani. Dereva, mtu wa asili ya Burundi aliyekuwa hajui habari za ukoo wowote pale, akatoa kichwa dirishani na kumwambia, "Mzee, sogea, gari halina breki nzuri." Shemeji akasogea.

Hospitali ya wilaya jirani, Karagwe, walimwongezea damu, na kutoka hapo akapelekwa Mwanza. Kule waliingiza kamera tumboni kwa njia ya chini, wakaona utumbo mpana wote umechubuka. Ndipo ugonjwa ukapata jina. Ndipo pia aliposikia habari za dawa za aina mpya, zile zinazotengenezwa na chembe hai, ambazo hazifanyi kazi kama vidonge vya kawaida. Zinakwenda kukamata kitu kimoja tu katika damu, kile kinachochochea uvimbe, na kukizima. Kwa sababu zinalaza kinga ya mwili, kwanza walimpiga picha ya kifua na kumpima kifua kikuu, maana kama kingekuwa kimejificha ndani kingeamka. Bima yake ya kazini ilivutana na madaktari muda mrefu. Hatimaye ikakubali. Akaketi kwenye kiti, dripu ikaingia mkononi, taratibu, mchana kutwa.

Alinisimulia kwamba baada ya dripu ya pili aliamka asubuhi hospitalini, akaenda chooni, akarudi, akaketi kitandani akilia mpaka nesi akaja mbio. "Nesi akaniuliza, mama unaumwa wapi? Nikamwambia, siumwi. Nimeenda choo kama mtu."

Alirudi Rubwera kwa basi, amebeba mkoba wake mwenyewe. Watu walimtazama kama wanavyotazama gari lililotoka kwenye ajali likiwa linatembea. Jumapili ya kwanza alivaa gauni jekundu, akaingia kanisani Kibingo wakati wimbo wa kwanza umeshaanza, akapita nafasi zote za nyuma na kwenda kuketi kiti kilicho nyuma ya mgongo wa shemeji yake. Nilikuwepo. Aliimba kila ubeti kwa sauti yake ile ya kuvuka bonde, na mdomo wake ulikuwa karibu na sikio la yule mzee. Shingo ya shemeji ilitoa jasho mpaka kola ikalowa. Hakugeuka. Walipofika mahali pa kupeana amani, Bibi Shamba ndiye aliyemgusa bega.

"Amani iwe nawe, shemeji. Bado nipo."

Kuanzia siku hiyo akawa anakaa hapo kila Jumapili. Mchungaji aliwahi kumwuliza kama hawezi kubadilisha kiti. Akajibu kwamba hapo ndipo anaposikia neno la Mungu vizuri.

Watu wanapozungumza habari za wagonjwa waliopona wanapenda kusema mateso yaliwafanya wawe wapole. Huyu hayakumfanya hivyo. Yule mama wa bati jekundu alipoingiliwa na mnyauko wa migomba, majani yanageuka njano na mikungu inaiva kabla ya wakati, alituma mtu aje kumwita Bibi Shamba. Bibi Shamba alikwenda. Hakuwahi kukataa mwito wa kazi. Lakini alisimama barabarani, nje ya ua, hakukanyaga hata jani la mwenyewe, akatoa maelekezo kwa sauti iliyowaleta majirani wote mlangoni.

"Kata ua la dume kwa mti wenye panda, usitumie panga! Ulio mgonjwa ung'oe wote na kisiki chake! Panga lako lipitishe motoni kabla hujahamia mgomba mwingine!"

"Karibu ndani basi, Bibi Shamba," mama yule akasema, uso umemshuka. "Karibu ukae."

"Ndani mna choo?"

Mama akaanza kuokota majani yaliyoanguka uani.

"Nauliza tu," akasema Bibi Shamba. "Nisije nikaingia halafu mume akaondoka na ufunguo."

Nilicheka nilipohadithiwa. Ninacheka hata sasa. Watu wawili au watatu walinijia dukani kulalamika kwamba amemdhalilisha mwenzake, na mimi nikawauliza walikuwa wapi siku alipokuwa anachuchumaa kichakani na sare ya serikali.

Lakini shamba lile lilipona. Alirudi mara kwa mara kulikagua, kila mara kutokea barabarani.

Jambo linalosemwa zaidi kumhusu ni lile la kahawa. Alipokuwa Mwanza shemeji alikuwa ameshaingia kwenye kibanja. Aling'oa sehemu ya migomba, akapanda kahawa, tena ile miche bora inayostahimili mnyauko, ambayo Bibi Shamba mwenyewe ndiye aliyeileta Kibingo na kuwafundisha watu kuipanda. Kesi ilikwenda baraza la ardhi, ikasogezwa na kusogezwa, na hukumu ilipotoka, kahawa ilikuwa imeshafika kifuani na imeanza kuzaa. Baraza likasema kibanja ni cha mjane na watoto wake, na kilichomo ndani yake ni chao.

Kila mtu alidhani atavuna. Mimi pia. Hakukuwa na kahawa nzuri kama ile kata nzima: matawi yameshikana, majani yanang'aa, punje zimeanza kujaa. Akaajiri vibarua, akanunua kwangu majembe mapya, akaniambia, "Njoo uone."

Tulifika asubuhi. Akawaonyesha vibarua pa kuanzia. Mmoja, mtu mzima aliyekuja kutoka Burundi utotoni na kuzeekea kwenye mashamba ya watu, akaweka jembe chini.

"Mama, huu mti unazaa."

"Najua unazaa. Mimi ndiye niliyeleta mbegu yake."

"Basi tuupunguze matawi tu. Mimi kung'oa kahawa yenye punje sijawahi. Mkono unakataa."

"Mkono wako hauna kosa, baba. Pumzika pale kivulini, ujira wako uko pale pale." Akachukua jembe lake, akaanza mwenyewe.

Shemeji alitokea mpakani, kwenye koti lake. Alisimama akatazama mti wa kwanza ukilala, wa pili, safu nzima. Mwishowe ile sauti ya upole ikapasuka.

"Mke wa ndugu yangu! Unaharibu mali!"

Bibi Shamba akanyoosha mgongo, akajifuta uso kwa kiwiko.

"Mali ya nani, shemeji?"

Mzee akisema yake, baraza limeshamkatalia. Akisema ya Bibi Shamba, basi mwenyewe ana haki ya kuiharibu. Alibaki hapo mpakani, mikono ndani ya mifuko, na hakuondoka, nadhani hakuweza. Mpaka mchana safu zote zilikuwa chini. Wakazirundika, wakazichoma, moshi wa majani mabichi ukafunga macho ya kijiji kizima. Nilifurahi. Siwezi kujifanya kwamba nilisikitika. Kwa miaka nilikuwa nikisikia lile panga masikioni, na siku ile likanyamaza.

Lakini tuliporudi dukani alikaa kwenye gunia la mbegu, nikampa chai, akaiweka chini bila kuinywa.

"Ilikuwa kahawa nzuri sana," akasema. "Umeona mizizi yake? Mizizi kama ile huipati mara mbili." Akakwangua udongo kwenye buti. "Kama angeipanda kwake ningemwita mkulima bora, ningemletea wageni waje wamwone."

Mwaka uliofuata alipanda migomba pale pale. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo. Angeweza kusimama nusu saa mbele ya jani lenye madoa akilizungumzia kwa upole ambao watoto wake mwenyewe hawakuupata, na siku hiyo hiyo akapita mbele ya mtu aliyemsalimu kwa heshima zote bila kumwangalia. Watoto aliwalea kwa ukali. Walisoma, wakapata kazi mbali, wakawa wanampigia simu na kumwogopa. Binti yake aliniambia, "Mama yetu anaishi kwa dripu na hasira. Sisi hatujui ipi inafanya kazi zaidi."

Dripu ilifanya kazi miaka kadhaa. Kila baada ya miezi miwili hivi alipanda basi kwenda Mwanza, akaketi kwenye kile kiti, akarudi. Alinenepa, akarudi kazini, akalima. Viungo vilimuuma asubuhi, akaogopa mafua ya watu kama tunavyoogopa nyoka, na mtu akikohoa dukani alitoka nje. Tukaanza kuamini kwamba imekwisha.

Halafu damu ikarudi. Kidogo kwanza, akaficha. Baadaye kwa nguvu. Mwanza wakapima, wakamwambia mwili wake umeitambua dawa kama adui na umeanza kutengeneza kinga dhidi yake. Waliongeza dozi, wakasogeza dripu karibu karibu, haikusaidia. Wakazungumza habari ya kuutoa utumbo mpana wote na kumwekea mfuko tumboni. Akawauliza kama kuna kingine cha kujaribu kwanza. Wakasema ipo dawa nyingine ya jamii hiyo hiyo, ya sindano, lakini hawamwahidi kitu.

Katika kipindi kile cha kusubiri, habari ilifika Kibingo kabla yake. Jumapili moja alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amekonda tena, na shemeji akasimama kuongoza maombi. Akainua mikono, akasema, "Tumwombee dada yetu huyu ambaye dunia imeanza kumwacha. Bwana amfungulie mlango." Watu wakasema amina. Mimi niliona midomo ya baadhi yao ikitabasamu chini ya viganja.

Bibi Shamba alitoka nje katikati ya maombi, na wote walijua anakwenda wapi. Nilimfuata. Nilimkuta ameegemea ukuta wa choo cha kanisa, kijivu usoni.

"Mimi siogopi kufa, Mama Pembejeo," akaniambia. "Watoto wamekua. Ninaogopa kufa kabla yake. Hilo tu. Ningeomba Mungu anipe siku moja zaidi ya zile za huyo mzee, siku moja tu, halafu anichukue hata mchana wa siku hiyo."

"Usiombe hivyo."

"Nimeshaomba."

Sindano zilikuja zikiwa kwenye kiboksi chenye barafu. Zilitakiwa kukaa kwenye friji, na nyumbani kwake hakuna friji, kwa hiyo zikakaa dukani kwangu pamoja na chanjo za kuku. Kila alipofikia siku ya kujichoma alikuja, akaingia stoo, akapandisha gauni, akajidunga pajani akiwa amesimama kati ya magunia ya mbolea. Umeme ukikatika nilifunga friji kwa kamba ili mtu asiifungue kwa bahati mbaya, na yeye alikaa kwenye ngazi ya duka akiangalia nguzo za umeme kana kwamba angeweza kuzitisha.

Sindano zikamkubali. Hazikumkubali haraka kama dripu, zilimsumbua miezi mizima akidhani zimeshindwa, lakini damu ilikauka na uso ukarudi. Jumapili akarudi kwenye kiti, na shemeji aliposimama kuomba hakutaja tena dada wala mlango.

Hayo yote yana miaka sasa. Bibi Shamba amestaafu. Karibuni alikwenda Mwanza wakamchungulia tena kwa kamera, maana utumbo uliougua muda mrefu namna ile unaweza kuota saratani na lazima uangaliwe. Hawakuona saratani. Hawakuona kidonda. Makovu tu. Aliuliza kama sasa anaweza kuacha sindano, daktari akamwambia wanaweza kujaribu, ila ugonjwa ukirudi huenda dawa ile ile ikakataa. Akasema basi atajichoma mpaka azikwe.

Wiki aliyorudi, binti wa shemeji alikuja dukani kwangu. Akapiga goti kidogo, "Shikamoo mama," akaketi, akakunja leso yake mara nyingi kabla ya kusema. Baba yake alikuwa amepigwa kiharusi. Upande mmoja umelala, maneno hayatoki. Wameita mchungaji, wameita ndugu, na mzee hatulii. Kila mara anaonyesha upande wa kibanja cha jirani.

"Tunadhani anamtaka mama mdogo. Mimi naogopa kwenda kwake. Wewe utaweza kumwambia?"

Nilimwambia. Bibi Shamba alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa buti zake, akasema, "Panda."

Tulimkuta mzee kitandani sebuleni, bila koti, mdogo kuliko nilivyomfikiria. Mdomo umevutwa pembeni. Alipomwona, jicho lake zima likajaa maji. Binti akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama mdogo, baba anaomba umsamehe. Ili apumzike."

"Amesema?"

"Hawezi kusema. Anaonyesha kwa mkono."

"Mimi nilisemwa kwa mdomo," akajibu Bibi Shamba, "mbele ya ukoo." Akavuta kigoda, akaketi karibu naye kabisa, mikono magotini. "Nasubiri, shemeji."

Mzee akajaribu. Ilitoka sauti, kitu kama "nnn", ikakwama. Akajaribu tena, mishipa ikamsimama shingoni. Nikatamani Bibi Shamba amwambie basi, imetosha. Hakumwambia. Alisubiri kama anavyosubiri mbegu.

Kisha harufu ikajaa chumba, na doa likaanza kuenea kwenye shuka. Binti akainuka haraka, akiomba radhi, akitafuta kitambaa, akisema baba hajawahi, leo tu, mama utusamehe kwa hili. Mzee alifumba macho. Aliyafumba kwa nguvu kama mtoto anayedhani hataonekana.

Nilimwangalia Bibi Shamba. Nilidhani hapo ndipo atakapocheka, na nitakuwa mkweli, nilikuwa tayari kucheka naye.

Aliinama mpaka sikio lake.

"Ni mwili tu, shemeji," akasema polepole. "Hata wangu ulikuwa mwili tu."

Mzee akatoa sauti ambayo haikuwa neno. Bibi Shamba akanyanyuka, akamgeukia binti, akamwambia kwa ile sauti yake ya mikutano: atandike nailoni chini ya shuka, amgeuze kila mara asipate vidonda vya mgongo, maji yawe ya uvuguvugu, amkaushe kwa kumgusa bila kumsugua, na wageni wasiruhusiwe kumtazama akisafishwa. Binti akaitikia ndiyo, ndiyo, mama. Hakuna neno la msamaha lililosemwa, na hakuna aliyethubutu kulidai.

Nje nilimshika mkono kabla hajawasha pikipiki.

"Umemsamehe?"

"Hapana."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Alikuwa anatazama mpakani, migomba yake na kahawa ya mzee, ambayo hakuna aliyeipalilia msimu mzima.

"Jumamosi nitarudi," akasema.

"Kufanya nini?"

"Kumwangalia." Akapiga kiki, akanipa kisogo nipande.